Boti ya Wastaafu Haina Abiria

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya wastaafu wenzangu, Waswahili wa Maryland na majirani zao wa Virginia. Nimeyapanga kidogo tu ili yasomeke.

Shikamooni wazee wangu. Nyinyi vijana mliowaleta wazee kwa gari, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Nimeombwa nizungumzie safari za boti tunazofanya mimi na mume wangu tangu tulipoacha kazi, kutoka Virginia kushuka mpaka Florida. Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia watu wanataka kusikia raha za kustaafu. Raha zipo na nitazisema. Ila nina neno moja ambalo ndilo lililonileta, na nitalisema mapema kabla watu hawajaanza kusinzia kwa pilau: boti ya wazee wawili haina dereva na abiria. Mkiingia majini mmoja anajua kila kitu na mwenzake anajua jiko tu, mnaomba balaa. Naongea na kina mama hasa. Lakini kina baba msijifanye hamsikii, maana wengi wenu ndio mnaoukumbatia usukani kama rimoti ya televisheni.

Kwanza niwaeleze njia yenyewe. Inaitwa Intracoastal Waterway. Mimi nitaiita Njia ya Ndani. Inapita nyuma ya visiwa vya mchanga vya pwani ya mashariki ya Marekani. Pengine ni mto, pengine ni ghuba pana, pengine ni hori la maji ya chumvi lenye majani marefu kila upande, na pengine ni mfereji uliochimbwa kwa mikono. Vyote vimeunganishwa. Maili ya sifuri iko Norfolk, Virginia, kwenye boya jekundu namba 36, mbele ya hospitali ya wanamaji ya Portsmouth. Kutoka hapo mpaka Miami ni kama maili 1,090, ambazo ni kilomita zipatazo 1,750. Ukiendelea mpaka Key West, maili zinafika 1,243. Zinahesabiwa maili za nchi kavu, si za baharini, na anayesahau hilo hesabu zake za mafuta na za muda wa madaraja zinamwendea mrama. Wanaoitunza njia hiyo ni Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani.

Mtu wa pwani atauliza, na kaka yangu wa Tanga aliniuliza hivyo hivyo: bahari ipo, kwa nini mpite uchochoroni? Jibu ni Cape Hatteras, kule North Carolina. Pale mkondo mkubwa wa maji ya moto unaotoka kusini unapita karibu na mafungu ya mchanga yaliyojitokeza mbali baharini, na upepo wa kaskazini ukivuma dhidi ya mkondo ule, mawimbi husimama wima. Vyombo vilivyozama pale havihesabiki. Mwaka 1942 nyambizi za Wajerumani zikaongeza vingine, zikazamisha meli za mizigo zilizokuwa zikipita jirani na ufuko. Ndiyo maana matishali, yale majahazi bapa ya kusukumwa, ya mafuta na ya mizigo yalipitishwa ndani, na sisi wazee tunapita humo humo leo, tukinywa chai.

Boti kama yetu, yenye injini moja ya dizeli, huenda maili saba au nane kwa saa. Siku moja ya mwendo ni maili hamsini hivi, kisha mnatia nanga au mnafunga gatini. Watu wengi huondoka Norfolk kuelekea mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba. Si kwa sababu ya baridi peke yake. Msimu wa vimbunga unaanza Juni 1 na kwisha Novemba 30, na kampuni nyingi za bima hazitaki boti iwe kusini mapema. Someni mkataba wa bima kabla ya kununua hata kamba.

Sasa alama. Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo lililonipa moyo wa kushika usukani. Njia nzima ina alama nyekundu na za kijani, nyingine zinaelea, nyingine zimesimama juu ya nguzo. Ukienda kusini, nyekundu ziwe mkono wako wa kulia, upande wa bara, na za kijani kushoto, upande wa bahari. Taabu iko pale njia inapokutana na mlango wa kuingilia kutoka baharini. Hapo alama ni za meli zitokazo nje, kwa hiyo rangi zinaweza kugeuka: nyekundu unaikuta kushoto. Mgeni huchanganyikiwa, na wakati anachanganyikiwa mkondo haumngojei. Dawa ni kutazama kibandiko kidogo cha manjano kwenye alama. Pembetatu ya manjano iache kulia, mraba wa manjano uache kushoto, alama yenyewe iwe ya rangi yoyote. Hayo tu. Mimi nilikuwa muuguzi. Miaka yote nimesoma vibandiko vya dawa usiku wa manane, chini ya taa mbovu. Nani ataniambia siwezi kusoma pembetatu ya manjano kwa darubini mchana?

Siku kamba ilipokatikia mikononi mwangu, hapakuwa na darasa. Kuna mfereji unaounganisha mto Alligator na mto Pungo, North Carolina. Ni kama maili ishirini, umenyooka, umebanana, na kingo zake zimejaa visiki na magogo yaliyozama nusu. Hakuna pa kutia nanga humo na mitandao ya simu ni ya kubahatisha. Mzee wangu aliinama kuokota kopo la rangi chini ya kiti, akabaki vile vile. Kiuno kilimkamata. Akajaribu kunyooka, akatoa sauti ambayo sijapata kumsikia akiitoa hata watoto walipokuwa wanazaliwa, naye hakuwemo chumbani. Nikamlaza sakafuni, nikamsukumia mto chini ya magoti, nikarudi kwenye usukani. Injini ilikuwa inanguruma tu, haina habari.

Nyuma yetu likaja tishali likisukumwa na tagi. Nikachukua redio, chaneli 13, nikamwita nahodha wake, nikamwambia mimi ni boti nyeupe iliyo mbele yako, nitapunguza mwendo na kukaa kulia, unipite kushoto. Akajibu kwa ile lafudhi ya kusini, polepole, "Yes, ma'am." Lilipopita, maji yalivutwa kuelekea kwake na omo, yaani mbele ya boti yetu, ikataka kulifuata. Nikaongeza injini kidogo, nikaurudisha usukani, likatupita. Kutoka sakafuni mzee akaniuliza, "Mama, ni nini hicho?" Nikamwambia, "Tishali, baba. Lala." Nikatoka mferejini na kwenda kufunga Belhaven, kijana wa gatini akapokea kamba.

Ingekuwa mimi ndiye mpishi wa boti, jamani, leo mngekuwa mnasoma hitima ya kiuno.

Mnajua kwa nini wake wengi hawashiki usukani? Si woga. Ni gati. Jioni inafika, watu wamekaa kwenye viti vyao wanatazama boti zinavyoingia kama wako sinema, mume anashika usukani, mke anaambiwa aruke na kamba. Mtu wa miaka sitini na kitu, mwenye magoti ya miaka sitini na kitu, anaambiwa aruke! Kisha mume anapiga kelele, mke naye anajibu, na sinema inanoga. Sisi tuligeuza. Usukani wa kuingia gatini ninaushika mimi, kwa sababu hautaki nguvu, unataka utulivu na kugusa gia kidogo kidogo. Mzee, ambaye ana mikono mirefu na nguvu za kuvuta, anasimama ubavuni na kamba. Hakuna anayeruka. Boti ikisogea hadi ikagusa yale mapira ya ubavuni, mzee anashuka kwa hatua. Tukitazama mkondo unaelekea wapi kabla ya kuingia, na tukaingia tukiukabili, hatuna sababu ya kupayuka. Tulinunua vile visemeo vya kichwani ili tusemezane kwa sauti ya sebuleni. Kwa maoni yangu vimeokoa ndoa nyingi kuliko mashekhe na mapadri.

Madaraja nayo ni somo. Madaraja yasiyofunguka yamejengwa kwa kipimo cha futi 65 juu ya maji. Mwenye mlingoti mrefu kuliko hapo apite nje. Hata aliye chini ya 65 asijisahau, maana lile la Julia Tuttle kule Miami lina futi 56 tu. Yale yanayofunguka yana mlinzi, unamwita kwa redio: chaneli 13 ukiwa Virginia na North Carolina, chaneli 9 kuanzia South Carolina kushuka. Mengi yana ratiba, kwa mfano kila nusu saa, na ukichelewa dakika mbili utazungukazunguka pale na mkondo unakusukuma kwenye nguzo. Mlinzi wa daraja salimieni kwa adabu. Mtu anayekaa kibandani peke yake siku nzima, ukimwambia habari za asubuhi kwanza, anakukumbuka.

Kuna pia mahali ambapo njia inapita katikati ya eneo la mafunzo ya wanajeshi wa majini, Camp Lejeune. Wakiwa wanapiga risasi za kweli, mnasimamishwa. Mnangoja, mnakula karanga.

Niseme jambo la historia, na hapa nitakawia kwa kusudi, maana safari hii kwetu watu weusi haiwezi kuwa ya mandhari tu.

Ukitoka Norfolk una njia mbili. Moja ni mfereji wa Albemarle na Chesapeake, uliofunguliwa mwaka 1859, wenye lango la maji, yaani chumba cha kupandishia na kushushia boti, pale Great Bridge. Nyingine ni mfereji wa Dismal Swamp, maili 22, uliofunguliwa 1805 baada ya kuchimbwa tangu 1793. Tukipewa hiari tunapita huu wa pili. Maji yake ni rangi ya chai ya mkandaa, kwa sababu ya magome na majani ya misitu ya kinamasi. Miti imeinama pande zote mbili, na ukipunguza injini unasikia ndege.

Waliouchimba ni watumwa. Mabwana wao waliwakodisha kwa kampuni, na fedha zikaenda kwa mabwana. Walichimba wamesimama ndani ya matope, wakikata mizizi chini ya maji. Na ndani ya kinamasi hicho hicho, mbali na mfereji, waliishi watu waliotoroka utumwa, wakijenga kwenye visiwa vya ardhi kavu ambako wawindaji wa watu walishindwa kufika. Sehemu moja, watu wa rangi moja: hapa wanachimba kwa amri, pale wanajificha huru.

Yupo mmoja ambaye kila tukipita namtaja kwa sauti, mzee ameshazoea. Moses Grandy. Alizaliwa mtumwa Camden, North Carolina, akawa nahodha wa mashua za mizigo kwenye mfereji huu. Aliruhusiwa kujikodisha, akadunduliza, akajinunua. Bwana akachukua fedha zote, kisha akamuuza kwa mwingine. Akadunduliza tena, akalipa tena, akadhulumiwa tena. Mara ya tatu ndipo akapata uhuru wake. Alijilipia mara tatu! Sisi tunapita pale na dizeli yetu na kiyoyozi, tunalalamika kwamba mlinzi wa lango amechelewa.

Langoni penyewe hakuna la kutisha. Mnaingia, mageti yanafungwa, maji yanapanda au yanashuka, kama futi nane kwenye yale ya Dismal Swamp. Vaeni glavu, kwa sababu kuta zina utelezi na kamba zinajaa uchafu. Mmoja anashika kamba ya omo, mwingine ya tezi, yaani nyuma, mnalegeza au mnavuta kadiri maji yanavyokwenda. Msifunge fundo hata siku moja: maji yakishuka huku kamba imefungwa, boti inaning'inia. Hapo tena mnaona kwa nini nasema watu wawili, kazi mbili.

Mkiteremka hadi South Carolina mnafika Beaufort, mji wa mialoni mikubwa. Huko alizaliwa Robert Smalls mwaka 1839, naye mtumwa. Alipelekwa Charleston, akafanya kazi bandarini mpaka akawa mshika usukani wa meli ya moshi iliyoitwa Planter, iliyokuwa ikitumikia jeshi la Kusini wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, Kusini na Kaskazini. Alizijua hori na mafungu ya pwani ile kuliko waliokuwa wakimwamuru. Alfajiri ya Mei 13, 1862, maofisa wazungu wakiwa wamelala mjini, yeye na mabaharia wenzake waling'oa meli gatini. Akavaa kofia ya nahodha. Hakukimbilia nje moja kwa moja. Alipitia kwanza kumchukua mkewe Hannah, watoto wao, na jamaa za wenzake. Kisha akapita mbele ya ngome ya Sumter akipiga honi ile ile inayotakiwa, na walinzi wakadhani ni safari ya kawaida. Alipofika kwa meli za Kaskazini walipandisha shuka jeupe wasipigwe mizinga. Baadaye aliinunua nyumba ya bwana wake wa zamani pale pale Beaufort, na akachaguliwa kuwa mbunge huko Washington. Nyumba ipo mpaka leo. Mkifunga boti mjini mnaiendea kwa miguu.

Jirani ya hapo, kwenye ghuba ya St. Helena, unamwagika mto Combahee, ambako Harriet Tubman, mama ambaye naye alikuwa ametoroka utumwa, aliwaongoza wanajeshi wa Kaskazini kwa boti usiku wa kuamkia Juni 2, 1863, wakawatoa watu zaidi ya 700 utumwani kwa usiku mmoja. Na visiwa vile vyote ndiko kwao Wagullah na Wageechee, wajukuu wa Waafrika Magharibi walioletwa kulima mpunga kwa sababu walikuwa wanaujua tangu kwao. Simameni St. Helena, tembeleeni Penn Center, iliyoanza kama shule mwaka 1862 kwa watu waliokuwa wametoka utumwani. Msikimbilie Florida kama mmeitwa na daktari.

Georgia ndiko ninakowaonya. Watu wengi huiruka kwa kupita nje usiku. Maji kule yanapanda na kushuka futi saba, nane, hata tisa. Kwa sisi tuliokulia Tanga na Mombasa hilo si jipya. Bamvua, yale maji makuu ya kwetu, hupita mita tatu, na kila mtoto wa mvuvi anajua kupwelewa ni nini. Ila kule mafungu yanahama. Dhoruba moja ikipita, pale ramani ilipoonyesha futi kumi na mbili unakuta tano. Kuna pahala panaitwa Hell Gate, na Jekyll Creek, ambapo sisi hatupiti maji yakiwa yanapwa. Tunatia nanga, tunapika, tunangoja yaanze kujaa, tunaingia polepole. Ukigusa mchanga maji yakijaa, yatakunyanyua yenyewe. Ukigusa yakipwa, utakaa saa kadhaa boti imeinama upande, na sufuria za wali zimeinama nayo.

Na hapa nawaambia wale wanaopanga harusi za wajukuu: mkimwambia mwanenu "tutafika Jumamosi saa nane," mmeshajitia matatani. Waambieni mtafika mahali fulani, siku mtakayofika, au siku fulani, popote mtakapokuwa. Vyote viwili haviwezekani. Watu wanaopata ajali njiani mara nyingi ni wale waliokuwa na tarehe.

Florida ni ndefu, na kusema kweli sehemu yake ya chini hainivutii. Ni kuta za zege, majumba ya matajiri na boti kubwa zinazopita zikikuachia mawimbi yanayomwaga chai. Juu ni kuzuri. Kaskazini kidogo ya St. Augustine mnapita kando ya Fort Mose, ambako mwaka 1738 Wahispania waliwapa makazi watumwa waliotoroka mashamba ya Waingereza, wakaishi huru na kulinda mji. Chini zaidi, kwenye Indian River, mnaona majengo ya kurushia roketi ng'ambo ya maji. Na nguva wapo, ndugu wa mbali wa wale wa Rufiji na Lamu. Kuna vibao vya kupunguza mwendo kwa ajili yao, na faini yake si ya mchezo. Tuliwahi kutia nanga jioni, nikasikia pumzi nzito ubavuni, nikachungulia: pua mbili, ndevu, mgongo una makovu ya panga za injini. Alikuwa anakunywa maji matamu yaliyokuwa yakitiririka kutoka kwenye mashine ya kiyoyozi. Mzee alitaka kumwongezea kwa mpira wa maji. Nikamkataza, maana ni marufuku kuwapa maji, wanazoea maboti na panga zinawakata.

Kuhusu afya nitasema machache. Sisi wawili tuna presha, mzee ana sukari. Tunachukua dawa za miezi mitatu, na dawa zetu tunazipata kwenye duka lenye matawi majimbo yote, ili tukiishiwa tuchukue popote. Insulini ina kijifriji chake, hakichanganywi na samaki. Jaketi la kuokolea linavaliwa, haliningʼinizwi. Na fanyeni zoezi la mtu kuanguka majini: mmoja atupe boya liwe kama mtu, mwingine aigeuze boti, alirudie. Mkishamaliza, mbadilishane. Halafu jiulizeni kwa kweli, yule aliye majini mtampandishaje? Mzee wangu ana kilo tisini. Sikuweza kumvuta. Tukanunua ngazi ndefu inayoshuka chini ya maji na kapi ya kumnyanyulia, nikajaribu mpaka nikaweza.

Wanaotaka kuanza, msinunue boti. Kodini moja kwa wiki moja, majira ya kuchipua, hapa hapa kwenye ghuba ya Chesapeake. Kabla ya hapo nendeni darasani, lakini kila mmoja na mwalimu wake na boti yake, msikae pamoja, kwa sababu mkiwa pamoja mume atashika usukani na mke atashika kamba, nimeona kwa macho yangu. Mkirudi, kila mmoja amwonyeshe mwenzake alichojifunza. Mkipita hapo bila kununiana siku mbili, angalieni boti za kununua.

Maswali ya bei nitayajibu baada ya chai, nina karatasi ya hesabu zetu zote. Ya injini muulizeni mzee, yule pale nyuma mwenye sambusa mbili. Atawaambia mpaka mchoke.